Mgeni wa Bi Zuhura

Wanangu, mtu akikupigieni simu mko kazini akasema "mgeni kaja," musikimbilie kumwambia amkaribishe. Muulizeni kwanza ni mgeni gani. Mimi sikuuliza, na mpaka leo nikipita Darajani wapo wanaume wazima, wenye ndevu zao, wananiita kutoka ng'ambo ya barabara: "Bi Rukia, mpe kiti!" Halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Nawaacha wacheke. Nshastaafu, sina ofisi ya kuwafukuza.

Kazi yangu ilikuwa bima ya mali za biashara. Maduka, maghala, mikahawa, nyumba za wageni. Nikienda kwa mtu nakagua mali yake, namuuliza maswali, namwandikia, na likimfika la kumfika narudi kumtetea au kumwambia hapati kitu. Mjini wakanibandika jina la Bi Bima, na wengine wakiniona naingia uchochoroni wanafunga mlango mmoja wa duka, wanajifanya wamekwenda kusali. Saa nne asubuhi! Sala gani hiyo?

Sasa naona nyinyi vijana mnafungua biashara kila kona, na baadhi yenu mmeajiriwa kuwauzia bima wenzenu. Nataka kukusimulieni mambo mawili matatu kabla sijayasahau, maana kichwa hiki nacho hakina bima.

Aliyenifundisha kazi ni Maalim Vuai, mkaguzi wetu wa zamani, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa na msemo wake: pua kwanza, kalamu baadaye. Akifika dukani husimama mlangoni, hufumba macho, huvuta pumzi. Wateja wakidhani kapandwa na sheitani. Siku moja alinichukua Mtoni, kwa mtu anayeuza magodoro. Maalim kasimama mlangoni, kanusa, kasema, "Una rangi na thina nyuma ya magodoro."

Mwenye duka akaapa kwa Mungu hana.

"Unazo," kasema Maalim, bado kafumba macho. "Na huyo anayezilinda anavuta sigara."

Mara nyuma ya magodoro akatokea shemegi wa mwenye duka, sigara i mdomoni, kanyoosha mkono: "Shikamoo, Maalim."

Maalim akamjibu marahaba, akamwambia azime sigara nje, ndipo akafungua kalamu. Hakumnyima yule bwana bima. Alimtaka thina ihamie kibandani nyuma ya nyumba, ikahamia, tukaandika. Musidhani mkaguzi kaja kukukamateni. Kaja kujua anabeba nini, kama vile hamali anavyouliza gunia lina nini kabla hajalitia begani.

Na nyinyi wenye biashara, msome mlichokinunua. Kulikuwa na kijana ana mkahawa karibu na Jozani, kanijia mbio kudai fidia ya wizi. Kaibiwa makaa. Nikamuuliza, mwizi unamjua?

"Namjua vizuri. Ana mkia."

Basi ni kima punju! Wanyama wale wana mapenzi na makaa, wanayatafuna kama sisi tunavyotafuna bisi. Kijana kaacha mlango wa stoo wazi, kundi zima limeingia. Nikamweleza kwamba wizi katika bima yake ni mtu kuvunja na kuingia. Kima si mtu, na mlango hakuvunja.

"Basi Bi Rukia andika kima wale wana akili za watu."

"Wangekuwa na akili za watu wangechukua friji."

Hakupata kitu, masikini, lakini alinunua kufuli.

Haya, sasa nakuleteeni Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa na duka la khanga, jumla na rejareja, uchochoro wa pili ukitoka Darajani kuingia Mji Mkongwe. Duka lilikuwa chini ya nyumba ya wakfu, ya ghorofa, ya mawe na chokaa na boriti za zamani. Mjane. Lile duka ndilo lililomlelea watoto, na sasa lilikuwa linamsomeshea wajukuu. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba, hakuwa na ndugu wa Uarabuni wa kumtumia chochote. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimekunjwa doti doti kwenye zile rafu, mpaka darini.

Nilikwenda kwake baada ya yeye mwenyewe kuniita, na hilo peke yake lilinishangaza.

"Bi Zuhura, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimesikia unauza bima, nami nnataka. Nieleze."

"Vizuri sana. Tuanze na bima ya mo—"

Akanipiga mdomoni kwa kipepeo. Wallahi, kile cha ukili, tena upande wa mpini.

"Ishia hapo hapo! Usinitajie jina hilo dukani kwangu. Maneno huumba."

"Sasa Bi Zuhura, ndiyo bima yenyewe. Nitaiitaje?"

Akafikiri. "Kwani usiku nyoka tunamwita nyoka? Huyu naye mwite mgeni. Mgeni kutajwa hakuna ubaya."

"Haya. Basi mimi nakupa kinga ya mgeni."

"Kinga!" Akacheka. "Mwanangu, wahenga wamesema, kinga na kinga ndipo..." Akasita. Akazitazama khanga zake juu mpaka chini. "Ndipo mgeni awakapo."

Mliosoma Kiswahili mtanifahamu. Kinga ni hifadhi, na kinga pia ni kile kijiti chenye moto kichwani. Mimi kazi yangu yote nimeuza kinga na sikuwahi kufikiri nauza kijinga cha moto, mpaka siku ile.

Tukajaza maswali kwa lugha hiyo hiyo. "Bi Zuhura, mgeni huingia humu kwa kupikia?"

"Aingie apike nini, vitenge?"

"Kuna jiko, mshumaa, kibatari, mvuta sigara, au mgeni mwengine yeyote wa wazi?"

"Hakuna. Mgeni mimi humu simpi nafasi."

Nikaandika hakuna. Na muda wote huo, wanangu, chetezo kiko miguuni pake kinafuka taratibu. Ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi alikuwa akilifukiza duka udi, apate rizki na baraka. Baina ya swali na swali alikuwa anainua pindo la buibui moshi uingie, halafu akakisukuma kwangu. "Jifukize na wewe, unanuka jua." Nami nikajifukiza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona moto. Maalim Vuai mwenyewe, na pua yake ile, nina hakika angejifukiza akaenda zake. Kwetu udi si moto. Udi ni adabu.

Tukafika kwenye thamani ya bidhaa.

"Andika nina vikhanga viwili vitatu," kasema.

Nikaangalia juu. Robota zimepandana mpaka zinagusa boriti. "Viwili vitatu vipi, Bi Zuhura?"

"Mali haitajwi. Husda nje nje."

Hapa ndipo wenye biashara wengi wanapojichimbia shimo, na kama hamna subira ya kusikiliza mengine, sikilizeni hili. Nilimwambia hivi: "Bi Zuhura, ukisema mali yako ni nusu ya ilivyo, utalipa ada ya nusu, utafurahi. Mgeni akija akala nusu ya duka, utasema si ndiyo nusu yangu, nipeni yote. Hawakupi. Watakupa nusu ya hiyo nusu, kwa sababu katika kila doti wewe umekatia bima kipande kimoja tu, kile kipande cha pili umekibeba mwenyewe. Kwako mteja huuziwa kipande kimoja?"

"Akome! Khanga ni doti."

"Basi na bima ni doti."

Akainuka, akafunga milango yote miwili ya duka, akanivuta sikio mpaka likawa mdomoni mwake, akaninong'oneza. Niliposikia nusura nianguke kitini. Nikaiandika ilivyo.

"Ukimwambia mtu," kasema, "mimi na wewe basi."

Jengo hatukuliandika, maana jengo lina wenyewe, watu wa wakfu. Tuliandika khanga, rafu, makabati na feni. Nikamtilia na kifungu kimoja ambacho wengi wanakiruka kwa ubahili: cha kulipwa kwa zile siku ambazo duka litakuwa limefungwa kwa sababu ya hasara. Alikisema sana kifungu hicho. "Nilipwe nimekaa? Mimi mvivu?" Lakini alikikubali ili niondoke.

Ikapita miaka, akilipa ada yake bila kukumbushwa. Halafu Alhamisi moja, baada ya alasiri, simu yangu ikalia ofisini.

"Rukia! Mgeni kaja!"

Sasa, mtu wa Unguja ukimwambia mgeni kaja, ulimi wake hauombi ruhusa kichwani. "Alaa! Mkaribishe."

"Kashaingia mwenyewe!"

"Basi mpe kiti, mpe kahawa, nnakuja."

"Kiti kashakila! Sasa anakula khanga!"

Nikajiambia moyoni, mgeni gani huyu hana hata haya. "Anakula khanga? Mtu huyo katokea wapi?"

"Katokea kwenye chetezo!"

Nilitoka ofisini na kiatu kimoja. Ofisi nzima ilikuwa imesikia, maana mimi kwenye simu hupiga kelele, na ndivyo habari yangu ilivyofika Darajani kabla ya miguu yangu.

Nilimkuta Bi Zuhura kwenye baraza ya nyumba ya mbele. Alikuwa ameingia nyuma kusali, kaa likadondoka kwenye mkeka, mkeka ukashika, na khanga ni pamba. Majirani walishapanga mstari wa ndoo. Gari la zimamoto halipiti uchochoro ule, vijana wakauvuta mpira kutoka barabarani, wakauzima moto kabla haujapanda ghorofani. Mtu hakuumia, alhamdulillah. Lakini duka lilikuwa shimo jeusi linalotoa maji.

Mkononi alikuwa na doti moja, sijui aliiokoaje. Uso wote masizi. Nikakaa ubavuni pake.

"Rukia," kasema, "nimekwisha. Wale wajukuu nitawasomesha kwa kitu gani?"

Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Alikuwa anaikunja ile doti moja na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua, kama yumo dukani.

Alhamisi iliyofuata makao makuu wakamleta mkaguzi wa hasara kutoka Dar es Salaam, kijana anaitwa Bwana Emanueli, mpole, msikivu, kompyuta yake kwapani. Akapekua majivu kwa fimbo, akakitoa chetezo. Tukakaa sote barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Mlikuwa mnatumia moto humu dukani?"

Bi Zuhura akajikunyata kwa neno lile. "La, baba."

"Na hiki ni nini?"

"Chetezo."

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

"Udi."

"Na udi unafuka kwa nini?"

"Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu."

Emanueli aliandika, na mimi nikaona kwenye uso wake mambo yanaelekea wapi. Bima imesimama juu ya ukweli. Ukificha jambo ambalo kampuni ingetaka kulijua, kampuni inaweza kukataa kulipa hata ndururu. Swali liliuliza kuna moto wa wazi, jibu lilisema hakuna, na moto umetoka ndani ya chetezo. Kwa mtu aliyekuja na meli ya asubuhi, ule ulikuwa uongo mtupu.

Kesho yake Ijumaa tukaitwa chumbani kwa Meneja. Meneja wetu alikuwa mtoto wa mjini hasa, kazaliwa Malindi, na Ijumaa huja kazini na kanzu iliyopigwa pasi ukiigusa inakata. Emanueli akasoma alichokiona. Meneja akaanza kutikisa kichwa.

"Bi Rukia, nasikitika, yule mama namjua, mke wangu ananunua kwake. Lakini swali liko wazi. Kaulizwa kuna moto? Kasema hakuna. Kaficha."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Asha, mhudumu wetu, na chetezo cha ofisi. Kila Ijumaa asubuhi hukipitisha chumba kwa chumba. Akakiweka chini mbele ya Meneja. Meneja, bila hata kukitazama, akasimama, akatanua miguu, akakitia chetezo katikati, akaishusha kanzu juu yake moshi uingie vizuri, huku anaendelea kuzungumza.

"Tukimlipa huyu, kesho kila mtu ataficha moto wake."

Nikakitazama chetezo, nikaitazama kanzu.

"Meneja," nikasema, "ofisi yetu hii nayo imekatiwa bima?"

"Kwani wewe hujui? Lazima."

"Lile swali la moto wa wazi, sisi tulijibu nini?"

"Tulijibu hakuna."

"Na kweli hakuna?"

"Bi Rukia! Ofisi hii hata jiko la chai ni la umeme!" Na moshi unamtoka shingoni na mikononi kama birika.

Emanueli akamtazama Meneja. Akanitazama mimi. Akamtazama Bi Asha, ambaye alikuwa anasubiri chetezo chake. Halafu akasema, kwa upole na heshima zote, "Samahani, Meneja. Una moto chini ya kanzu."

Yarabi toba! Meneja alidhani anaungua. Aliruka akapanda juu ya kiti, kashika kanzu kwa mikono miwili, "Wapi? Wapi?" Bi Asha akainama akakiokota chetezo. "Hapa," kasema. "Kama umemaliza, nakipeleka kwa mhasibu."

Tulicheka mpaka mhasibu akaja mwenyewe kuuliza kuna nini. Meneja akateremka, akakaa, akajifuta jasho, akakitazama kile chetezo kama anakiona mara ya kwanza tangu azaliwe. Ndipo Emanueli akafungua tena kompyuta yake.

"Tatizo ni swali letu," kasema. "Neno likiwa na utata, utata humwelemea aliyeliandika. Bibi hakuficha kitu. Alijibu kama alivyojibu Meneja."

"Ondoa jina langu hapo," kasema Meneja. Lakini alitia saini.

Wakamlipa Bi Zuhura mali yake yote, kwa thamani ile ile aliyoninong'oneza, na siku zile duka lilipokuwa limefungwa alilipwa kwa kile kifungu alichokitukana. Wajukuu hawakukosa skuli hata siku moja. Na karatasi za kampuni zikabadilishwa: pale penye moto wa wazi pakaongezwa "pamoja na chetezo, udi na ubani." Naambiwa karatasi hizo zilifika mpaka bara, na huko wenye gereji wanauliza ubani unahusu nini na spea za magari. Wajibuni tu hakuna.

Kwa hivyo wanangu mnaofanya biashara, semeni kila kitu. Yale mnayoyaona makubwa mtayasema wenyewe. Mimi naogopa yale mnayoyaona ni ada tu, hayahesabiwi: kichetezo, jiko dogo la kahawa la babu barazani, waya uliovutwa kwa jirani kwa ihsani. Ukibadilisha matumizi ya chumba, sema. Duka likiwa mkahawa juu ya paa, sema siku hiyo hiyo, usisubiri ulizwe. Na nyinyi wakaguzi wa siku hizi, mnaomwambia mteja apige picha akutumieni kwa simu, nawaomba mwende wenyewe. Simu haina pua.

Mwaka nilioondoka kazini nilimchukua binti atakayeshika nafasi yangu, anaitwa Time, nikampeleka kwa Bi Zuhura kuhuisha bima. Duka lilikuwa limepakwa chokaa mpya, khanga zimerudi mpaka darini. Njia nzima nilikuwa namuusia Time: mwanangu, humo usitaje moto, utapigwa kipepeo. Mwite mgeni. Masikini mtoto alikuwa anatokwa na jasho.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nimekuja kwa... kuhusu yule mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yule... yule ambaye hatajwi."

Bi Zuhura akaweka mkasi chini. "Moto?"

Mimi nilishika kabati.

"Sema moto, mwanangu, usiogope. Mimi umri wangu wote sikuutaja hata mara moja, na ulikuja ukanila mpaka kiti. Huo hauji kwa kuitwa. Andika: moto. Na andika chetezo ninacho, kile pale, nakiweka juu ya sinia la mchanga, na sikiachi peke yake hata nikienda kusali. Nakwenda nacho."

Time akaandika kila neno. Nami nikageuza uso nikajifanya naangalia khanga, kwa sababu nilimkumbuka kwenye baraza ile, na doti moja mkononi.

"Sasa, Bi Zuhura," kasema Time, kapata moyo, kapaza na sauti, "na thamani ya bidhaa zote?"

Bi Zuhura akainuka. Akafunga mlango wa kwanza. Akafunga wa pili. Akamshika Time sikio.

"Bi Zuhura," nikamwambia, "si umesema huogopi tena kutaja?"

"Moto hauna masikio, Rukia," kasema. "Majirani wanayo."